Nimetumiwa 3,800,000 za kampeni kwa majina manne nisiyoyajua, daftarini niandike nini?

Bi_Salfa (Newala)

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa mawazo, matani yaje baadaye.

Mie nina duka la pembejeo hapa Newala, mwaka wa 19 sasa. Salfa ya kupulizia mikorosho, dawa za maji, mabomba ya kupulizia, mbegu za ufuta, na pembeni kidogo sabuni na chumvi, maana tangu pembejeo za ruzuku zianze kuja duka limepwaya. Siasa sina. Kadi ya chama ninayo, lakini iko kwenye kopo moja na kadi za kliniki za watoto ambao sasa nao wana watoto.

Diwani wa kata ya kwetu alifariki, uchaguzi mdogo umeitishwa, na binti wa marehemu kaka yangu amepitishwa kugombea. Ana miaka 33. Alikuwa karani wa mizani kwenye AMCOS, chama chetu cha ushirika cha wakulima, na sifa yake kijijini ni moja tu: kilo yake ni kilo. Akaja dukani na soda mbili, akaniambia, "Shangazi, nataka mtu wa kushika hela ambaye deni la mtu halimpotei." Hapo alinipata, maana wadaiwa wangu nawajua kwa mwezi na tarehe. Nikakubali. Nikachukua kaunta buku mpya hapo hapo dukani kwangu, nikapiga mistari: tarehe, jina, kiasi, imeletwa na nani.

Mpaka wiki iliyopita mambo yalikuwa ya saizi yangu. Mjomba wake 20,000. Akina mama wa kikoba 65,000, wameandikwa wote kumi na tatu, kila mmoja elfu tano. Fundi cherehani kashona bendera bila malipo. Mzee mmoja kaleta jogoo, nikaandika "jogoo 1" nikaacha nafasi ya bei.

Alhamisi saa tatu usiku nimeshafunga, nahesabu chenji, simu ikalia. Umeingia muamala wa 950,000. Kabla sijavaa miwani ikalia tena, 950,000. Ikalia tena. Na tena. Majina manne, yote ya kiume, simfahamu hata mmoja. Mmoja ana jina la marehemu mume wangu, la kwanza na la pili, ndiyo maana mikono ilinitetemeka.

Haikupita robo saa akapiga mtu. Ni mnunuzi wa mazao, ufuta na korosho, huku kwetu anajulikana, sitamtaja. "Bi Mkubwa, mzigo umefika?" Nikamwambia umefika, lakini hawa ni akina nani? "Vijana wangu wa ghalani. Waandike wao, mimi usiniandike." Nikamuuliza kwa nini asingetuma milioni moja moja, hesabu ikawa nzima. Akacheka. "Milioni ina maneno mengi, Bi Mkubwa." Halafu akasema wiki ya mwisho ataleta mabati 40 ya shule ya msingi, lakini yashushwe na mgombea mwenyewe, mkutanoni, watu wakiona.

Maswali yangu basi. Niandike majina yale manne au niandike jina la aliyepiga simu? Kuna kikomo cha mtu mmoja kumchangia mgombea? Na hayo mabati yanaandikwa wapi? Binti sijamwambia bado. Simu naiweka chini ya mto kama vile hela itatoroka.

Karani_Mstaafu (Ligula, Mtwara mjini)

Bi Salfa, nakusalimu. Nimekaa miaka 14 kwenye ofisi ya chama kimojawapo nikipokea makaratasi ya wagombea, kwa hiyo nitakujibu kikarani.

Sheria yako ni Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010. Wengi wanadhani ni ya wakubwa. Hapana, inamshika mgombea urais, mbunge na diwani. Mgombea anatakiwa aeleze hela aliyonayo na anayoitegemea, chama kinapeleka taarifa kwa Msajili wa Vyama vya Siasa, na uchaguzi ukiisha kuna marejesho ya matumizi yote. Kwa hiyo hilo kaunta buku lako si mapambo. Kuna siku litaombwa.

Sasa ile 950,000. Sheria inasema chama kikipata mchango unaozidi milioni moja kutoka kwa mtu mmoja, au unaozidi milioni mbili kutoka kwa taasisi, Msajili ataarifiwe ndani ya siku 30. Umeona "maneno mengi" ya milioni yalipo? Aliyekutumia anaijua sheria kuliko wewe na mimi. Huyo ni mwanasheria aliyekosa joho tu.

Kikomo: sheria yetu haimwambii mtoaji ukomo wake ni shilingi ngapi. Inambana mgombea kwenye kutumia. Waziri anatangaza kiwango kwenye Gazeti la Serikali, akiangalia aina ya ugombea, ukubwa wa eneo, idadi ya watu na hali ya mawasiliano. Kiwango cha udiwani waulize chama chako wakuonyeshe karatasi, usikubali cha mdomoni. Maana yake ni kwamba yule bwana angeweza kutoa 3,800,000 kwa jina lake, zikaandikwa, zikatajwa, na wewe ukalala usingizi. Hakutaka. Kosa la hela hii ni hayo majina.

Jina la kuandika ni la mwenye hela. Ukiandika wale vijana wakati umeshaambiwa kwa sikio lako kwamba si wao, uongo huo utakuwa kwa mwandiko wako.

Mabati usiyaguse. Kuwapa wapiga kura kitu ili wakuchague kumekatazwa, uwe umekiita msaada, sadaka au maendeleo. Chakula na usafiri wa timu yenu ya kampeni ni habari nyingine, hiyo inaruhusiwa, iandike tu. Wazee wenzangu mtakumbuka takrima. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa, "ukarimu wa kiasili" ukahalalishwa, na kuanzia hapo pilau ikawa ndiyo ilani. Mahakama Kuu ilivifuta vifungu hivyo mwaka 2006, kwenye kesi ya Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na wenzake. Pilau yenyewe haikusoma hukumu, lakini angalau siku hizi mpishi anajificha.

La mwisho, hili ni la moyoni. Miaka 14 sikumwona mpiga kura hata mmoja akija kuniuliza, "Ile spika na lile gari nani kamlipia?" Waliokuja ni wapambe wa mgombea wa pili wakitafuta pa kumchomea mwenzao. Na makaratasi yenyewe! Yanaletwa siku ya mwisho saa tisa alasiri, yote kwa kalamu moja na mwandiko mmoja. Niliwahi kupokea risiti za mafuta za vituo viwili, kimoja Mtwara kingine Masasi, namba zimefuatana kama mapacha. Nikagonga muhuri. Ningefanyaje, nilikuwa na familia.

Dereva_Masasi

Jamani mnamtisha mama wa watu. Karani wewe mwenyewe umekiri uligonga muhuri.

Mama, swali langu ni moja. Mpinzani wa binti yako unadhani anafanya kampeni kwa maji ya kisima? Mimi nakodishwa na hao watu. Uchaguzi uliopita nimeendesha Noah siku 19 kwa mgombea mmoja, mafuta analipa mtu ambaye sikuwahi kumwona, analeta kijana na bahasha. Wewe ukirudisha hela, binti atakwenda kwenye mikutano kwa bodaboda, mwenzake ana gari lenye spika nne. Watu wetu wanafuata muziki. Akishinda yule wa spika, kata imepata nini kwa uaminifu wako? Daftari safi?

Mimi ningeandika majina manne, nikanyamaza. Nani atakwenda ghalani kuwatafuta?

Chuno_mpaka_Maine

Shikamoo Bi Salfa. Shikamoo Mzee Karani. Mimi ni wa Chuno, Mtwara mjini, mwaka wa saba sasa niko Lewiston, jimbo la Maine, Marekani. Nikisema jimbo namaanisha jimbo la huku, lenye gavana na bunge lake, si jimbo la ubunge la kwetu. Nimeguswa na hili kwa sababu huku kila jimbo lina kanuni zake za michango, na nyingi ni kinyume cha zetu.

Kwetu, kama Mzee Karani alivyosema, anabanwa mtumiaji. Huku anabanwa mtoaji. Mwaka 1976 Mahakama Kuu ya Marekani, kwenye kesi ya Buckley v. Valeo, ilisema unaweza kumwekea mtu ukomo wa kumchangia mgombea, kwa sababu hapo kuna hatari ya kununuana, lakini huwezi kumwekea mgombea ukomo wa kutumia, maana kutumia hela kusema nako ni kusema. Kwa hiyo kampeni inaweza kumeza mamilioni ya dola mradi yameingia kwa vijiko.

Na vijiko havilingani. Virginia na Texas mtu anaweza kumpa mgombea ugavana kiasi chochote. Vermont wao mwaka 1997 walibana mpaka dola 200 kwa mgombea wa baraza la chini la jimbo na 400 kwa gavana, na hiyo ni kwa mzunguko mzima wa miaka miwili. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ya Marekani ikakifuta kiwango hicho, ikasema ni kidogo mno, mgeni hawezi kumtikisa aliyekaa kwenye kiti. Mimi mwanzoni nilishangaa mahakama kulalamika hela ni chache! Baadaye nikaona ina maana: aliyekwisha kuwa na jina hahitaji spika.

Lakini hata Virginia isiyo na ukomo inataka jina. Hapo ndipo penye swali lako. Kwenye uchaguzi wa shirikisho, yaani wa rais na bunge la nchi nzima, aliyefikisha zaidi ya dola 200 anaandikwa jina, anuani, kazi yake na mwajiri wake. Hapa Maine ni zaidi ya dola 50. Na haifungiwi kabatini, iko mtandaoni. Nilikaa usiku mmoja nikawatafuta majirani wa mtaa mzima, umbea wa halali kabisa. Mwenye duka la matairi ninakonunua kila baridi ikija nilimkuta kachangia pande zote mbili.

Kutoa kwa jina la mtu mwingine ni kosa la jinai kwenye sheria ya shirikisho. Bosi anawapa wafanyakazi wake hela, wao wanachangia kama zao: mchezo huohuo wa ghala lenu, na wapo waliohukumiwa kwa hilo. Na mchango wa vitu, kama mabati au mafuta, unahesabiwa kwa bei ya soko kama hela.

Dereva, nakuelewa, na wewe nina la kukujibu. Maine wana kitu walichokipigia kura mwaka 1996. Mgombea akitaka, anaacha michango mikubwa yote, anapewa hela ya kampeni kutoka mfuko wa jimbo. Ila kwanza aonyeshe kwamba ana watu. Anayegombea baraza la chini anatafuta wapiga kura wasiopungua 60 wa eneo lake, kila mmoja atoe dola 5, na hata hizo haziendi kwake, zinaingia kwenye ule mfuko. Nilishuhudia mlangoni kwa jirani yangu, bibi wa miaka kama 80. Mgombea kasimama kwenye theluji, buti zimelowa. Bibi akamfanya asubiri mpaka apate miwani, akaandika hundi ya dola 5, akasaini fomu, akamuuliza barabara ya nyuma itasafishwa lini. Dola tano! Amemhoji kama aliyetoa milioni. Akanigeukia akataka na mimi nitoe, nikamwambia mimi si mpiga kura, hairuhusiwi. Akanipa pole kama nimefiwa.

Msidhani huku ni peponi. Wenye hela wamepata njia nyingine: anaipa taasisi, taasisi inaipa kamati isiyo ya mgombea, kamati inalipia matangazo, na jina la mwanzo limepotea njiani. Arizona mwaka 2022 walipitisha kwa kura ya wananchi sheria ya kulazimisha kutajwa kwa chanzo cha kwanza kabisa cha hela kwenye matangazo makubwa. Sisi Maine Novemba 2024 wapiga kura waliweka ukomo wa dola 5,000 wa kuzichangia kamati za namna hiyo. 2025 hakimu wa shirikisho akaizuia. Kwa hiyo bado ni kuvutana.

Nilitaka kumtumia binti dola 30. Mzee Karani, inaruhusiwa?

Karani_Mstaafu (Ligula, Mtwara mjini)

Kijana wa Chuno, marahaba. Tulia na dola zako. Mchango unaotoka nje ya nchi una masharti yake na siku zake, usije ukamwongezea Bi Salfa jina la tano. Tuma salamu.

Dereva, ni kweli niligonga muhuri. Ndiyo maana namwambia mwenzangu asianze.

Bi_Salfa (Newala)

Ahsanteni sana. Dereva, na wewe ahsante, maana umesema kilichokuwa kichwani mwangu tangu Alhamisi.

Nimekaa na hili jambo siku mbili nikipima salfa. Ngoja niwaambie lilivyonijia.

Sasa hivi miti inachanua. Mnajua huu ndio msimu gani. Mkulima hana kitu, korosho hazijaonekana, ada inadaiwa, mgonjwa yuko wodini. Ndipo anapokuja mtu wa kangomba, anayenunua korosho kabla hazijavunwa. Anakuja mpole, saa za usiku, hana mizani. "Chukua hii, tutaongea Oktoba." Oktoba unachukua gunia zako unapita nazo mbele ya ghala la AMCOS unampelekea yeye, kwa bei ya siku ile ulipokuwa unalia. Mie nimekaa dukani miaka 19, wateja wangu wazuri kabisa wamemalizwa hivyo. Anakuja kununua salfa kwa mkopo, namwambia shamba lako lina korosho za tani mbili, anasema, "Mama, zile si zangu tena." Zingali maua!

Na majina nayo niliyaona. Msimu wa 2018, ule serikali ilioununua yenyewe kwa 3,300 kilo, walipita kuhakiki mashamba. Mwenye mzigo mkubwa akaonyeshe miti, mwenye kilo chache alilipwa bila hilo. Jirani yangu hapa nyuma, hana hata mkorosho wa kivuli, aligawa magunia kwa majina ya shemeji, mpishi, kijana wa kuchota maji, na mama mkwe ambaye alikuwa amelala hospitali. Kila mmoja chini kidogo ya kipimo. Tulicheka sana.

Kwa hiyo nilipoiona 950,000 mara nne, kitu kilinigonga hapa kifuani kwamba hesabu hii nimeshaiona. Huyu bwana amekuja kufanya kangomba. Anamnunua binti angali ua. Oktoba yake ni siku ile baraza la madiwani linapokaa kujadili ushuru wa mazao, au ghala lijengwe wapi, au nani apewe kusomba mzigo. Atapiga simu, atasema "Mheshimiwa, tulivyoongea." Na yule binti, aliyesifiwa kwa mizani, atapita na gunia mbele ya ghala.

Dereva, umeuliza kata inapata nini. Sijui kama tutashinda. Lakini akishinda kwa hela hii, aliyeshinda atakuwa yule bwana, na yeye tayari ana ghala, halihitaji udiwani.

Jana nilimwita binti nikamweleza yote. Hakusema kitu. Alichukua simu yangu akazisoma zile meseji nne, akazirudia, akawa anaviringisha ncha ya mtandio kwenye kidole mpaka kikawa cheupe. Mwishowe akauliza, "Na mabati?" Shule ile yeye mwenyewe alisoma hapo, masika wanahamishwa madarasa kwa kufuata pasipovuja. Hapo kweli nilimwonea huruma. Nikamwambia akitaka kuleta mabati ayalete kama mtu mwingine yeyote, uchaguzi ukipita, kwa jina lake. Akasema, "Hatayaleta, shangazi." Nikamwambia ndiyo.

Tukakubaliana nirudishe. Nitawaambia imekwendaje.

Nachingwea_Kwetu

Bi Salfa hongera, lakini rudisha kwa namba zilezile zilizotuma. Usimpelekee yule mnunuzi mkononi, atakataa kwamba umerudisha. Na meseji zote zipige picha, simu inaweza kuanguka chooni. Mimi ilinitokea kwenye hela za msiba, nililipa mara mbili.

Halafu yule jogoo umemwandika bei gani? Huku kwetu jogoo wa maana ni 30,000.

Dereva_Masasi

Mama sina la kusema. Ila gari mtahitaji. Noah yangu siku ya mkutano wa mwisho nawapa kwa bei ya mafuta tu, na uniandike kwenye hilo buku kwa jina langu kamili. Nataka nione linafananaje likiandikwa bila bahasha.

Chuno_mpaka_Maine

Dereva, huku wangekuhesabia: bei ya kawaida ya kukodi gari toa uliyolipwa, tofauti ndiyo mchango wako. Usije ukavuka milioni bila kujua, Mzee Karani akakugongea muhuri!

Bi_Salfa (Newala)

Narudi na majibu.

Nimerudisha leo asubuhi, moja moja, namba zilezile, na picha za meseji nimempa binti na mpwa wangu wa Tandahimba naye anazo. Dakika tano baada ya ule wa pili simu ikalia, sauti ya kijana, ana wasiwasi. "Mama samahani, nimeona umenitumia laki tisa na nusu, umekosea namba?" Nikamwambia narudisha mchango wako wa kampeni. Kimya. "Kampeni gani? Mimi laini hii ilikuwa kwa bosi tangu Jumatano, alisema anasajili mambo ya malipo ya ghalani, amenirudishia jana." Nikamuuliza unalipwa shilingi ngapi hapo ghalani. Akasema elfu saba kwa siku, siku yenye mzigo. Akanibembeleza nimwambie afanye nini na ile hela. Nikamwambia ampe bosi wake mbele ya mtu wa pili. Nina hakika hajalala na yeye.

Yule mwenye jina la marehemu mume wangu hakupiga. Sijui kwa nini nilikuwa namsubiri.

Mnunuzi mwenyewe alipiga mchana. Hakufoka. Alisema, "Bi Mkubwa, umenidhalilisha kwa vijana wangu," halafu, "tutaonana msimu." Nimeyaandika maneno hayo na saa, 7:40, ukurasa wa nyuma kabisa wa kaunta buku.

Binti amenituma nimshukuru Dereva. Buku sasa lina 412,000, bendera za fundi nimezipangia bei ya ushonaji, na gari la Masasi nimeliachia mstari. Jogoo tulimla Ijumaa na vijana wa kubandika mabango, nimemwandika 25,000, bei ya soko la hapa, Nachingwea msinipandishie.

Mzee Karani, limebaki swali moja. Makato ya kurudisha mara nne yametoka kwenye laini yangu. Niyaandike matumizi ya kampeni, au ni yangu?